Chanja ya Papi, Wala Si Kibanda cha Bati

Orodha ya istilahi za ujenzi iliyotoka mikononi mwa kamati moja, ambayo kwa heshima sitaitaja, inatutaka tuiite pagola ya alumini, yaani kivuli cha uani chenye papi za kupinduka, "kibanda cha bati la vipande". Si kibanda, si bati, wala haina vipande. Ningeyaacha yapite, kama tulivyoyaacha mengi ya kamati hiyo, lakini safari hii tafsiri imevuka bahari. Karakana moja ya alumini katika Dubai Investments Park imeichapa kwenye kijitabu cha matunzo kinachotiwa ndani ya makreti yanayosafirishwa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Mteja aliyetoa fedha nyingi anafungua kreti lake na kusoma kwamba amenunua bati.

Tuanze na bati. Kuanzia Lamu hadi Kigoma, bati ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki, yenye migongo, inayopigiliwa misumari juu ya papi na kusahauliwa. Likishika kutu hukwanguliwa na kupakwa rangi ya mafuta, au hung'olewa likawekwa jingine. Alumini ina tabia yake. Ikiguswa na hewa hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na utando huo ndio ngao yake. Ukikwaruzwa, hujirudi wenyewe. Juu ya ngao hiyo kiwanda huongeza rangi ya unga, iliyookwa kwenye tanuri la nyuzi takriban 200, ambayo viwango vya Qualicoat hudai iwe na unene usiopungua mikroni 60. Sasa mpe mtu kijitabu kinachomwambia hili ni bati, naye atafanya kile ambacho baba yake alimfundisha kulifanyia bati: msasa na brashi ya waya. Kwa asubuhi moja atakuwa ameitoa rangi na kuifungulia chumvi ya bahari mlango, na chumvi huitoboa alumini vishimo vidogo vidogo visivyozibika. Neno baya limemfundisha kazi mbaya. Hasira yangu iko hapo, na sioni haya kuitaja.

"Vipande" nalo ni kosa la namna yake. Kipande ni kitu kilichokatika kutoka kwenye kizima. Papi za alumini hazikatwi kutoka kwenye karatasi yoyote: gogo la alumini hupashwa moto, likasukumwa kwa nguvu kubwa kupita kwenye tundu lenye umbo, likatoka upande wa pili refu na lenye uwazi ndani. Shika upapi mmoja mkononi uutazame kwenye ncha. Utaona ukingo uliopinda kupokea maji ya mvua, mfuo wa kubanisha mpira, na kifuniko cha plastiki kinachobeba pini ya kuzungukia. Ukiacha kifuniko hicho, ni kitu kizima, kilichozaliwa kizima.

Na "kibanda"? Kibanda ni cha chipsi, cha wakala wa simu, cha mlinzi getini. Kina paa la kudumu na hadhi ndogo. Warumi walikuwa na neno pergula, sehemu ya jengo iliyotokeza nje ya ukuta, kutoka kitenzi pergere, kusonga mbele. Waitalia wakalirithi kwa umbo la pergola, na maana ikahamia kwenye miti iliyopangwa juu ili mzabibu utambae. Kiarabu hakina sauti ya p, ndiyo maana mafundi wa Dubai huandika barjula. Lakini Kiarabu kina neno lake, kongwe na zuri kuliko la kukopa: arishi, chanja ya kutambazia mzabibu, na pia nyumba ya makuti ya mtende ambayo watu wa Ghuba walipitishia kiangazi kabla ya umeme, upepo ukipenya kuta zake. Kutoka mzizi huohuo sisi tumepata arshi, kiti cha enzi cha Mwenyezi Mungu. Sura ya Al-An'am, aya ya 141, inapozitaja bustani ambazo mimea yake imetambazwa juu, inatumia mzizi huo.

Mwenzangu mmoja anayeandika akiwa Muscat anataka tuchukue arishi moja kwa moja. Namheshimu, na ninajua anavyolipenda neno hilo, lakini simwungi mkono. Arishi na arshi yatagongana masikioni mwa Waislamu wengi wa pwani, nao watasita kulitaja jina linalokaribia la kiti cha enzi kwa kitu wanachowekea meza ya chai. Zaidi ya hapo, hatuna sababu ya kukopa ng'ambo kitu ambacho tunacho nyumbani.

Tunacho, na kinaitwa chanja. Wavuvi wa dagaa huanika samaki wao juu ya chanja. Mama anayeosha vyombo uani huviegemeza kwenye kichanja vikauke. Mwenye mpesheni huujengea chanja utambae. Katika yote hayo maana ni ileile: fito zilizolazwa sambamba zikaachiwa nafasi katikati, ili hewa, mwanga na maji vipite kwa kadiri mtu atakavyo. Hiyo ndiyo pagola, tangu ya Waitalia hadi ya Dubai.

Na papi tunazo. Fundi yeyote wa paa Dar es Salaam atakutajia kenchi na papi kabla hujamaliza swali. Upapi ni mmoja, papi ni nyingi. Upapi unapinduka, papi zinapinduka. Sarufi imetulia bila kulazimishwa. Nimeambiwa na mjumbe mmoja wa kamati kwamba papi ni za mbao na hizi ni za alumini. Kalamu nayo ilikuwa tete. Leo ni ya plastiki na bado ni kalamu. Nimeambiwa tena kwamba chanja itawakumbusha watu chanjo. Paa ni la nyumba, paa ni mnyama, na ndege hupaa, wala hakuna mtoto wa darasa la pili aliyewahi kupotea hapo. Hoja ya tatu iliyoletwa dhidi yangu, kwamba chanja ni "neno la uvuvi", naipokea kama tusi kwa wavuvi.

Neno sahihi hubeba na maarifa yake. Bati hupigiliwa likakaa. Upapi wa chanja lazima uachiwe nafasi ya kutembea, kwa kuwa upapi wa mita 4 hurefuka karibu milimita 4 joto lake likipanda nyuzi 40, na juu ya alumini iliyoshinda juani Dubai nyuzi 40 hupandwa kati ya alfajiri na adhuhuri. Anayejua kwamba papi hupinduka atajua pia kwamba zina pini, na kwamba mchanga wa Dubai Investments Park ukichanganyika na umande huwa tope linalosaga pini hizo kila papi zinapopinduka.

Kuhusu matunzo yenyewe, ni mepesi: papi zioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, mara nyingi zaidi Nyali na Msasani kuliko Dodoma; mifereji itolewe mchanga kabla ya mvua, kama mafuriko ya tarehe 16 Aprili 2024 yalivyowakumbusha watu wa Dubai; maji ya saruji na chokaa yasuuzwe kabla hayajakauka, kwani huila alumini; skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na wosha ya plastiki itenganishe metali hizo mbili, maana chuma, hata kisichoshika kutu, kikigusana na alumini penye chumvi, inayoliwa ni alumini.

Dubai Investments Park ilianzishwa mwaka 1997 kwenye eneo la takriban hekta 2,300, jirani na Jebel Ali, ambako mwaka 1979 ilifunguliwa bandari na mwaka huohuo mitambo ya kampuni ya Dubal ikaanza kuyeyusha alumini. Bidhaa za huko zitaendelea kutufikia, na kila kreti litakuja na karatasi ya maelezo. Nimekwisha kuiandikia kamati. Sikujibiwa, nami sitaandika tena. Ombi langu sasa ni kwa watakaochapa toleo lijalo la kijitabu kile: ikiwa chanja ya papi haiwapendezi, andikeni pagola tu, lakini bati lifuteni, kabla mteja mwingine hajapanda ngazi na brashi ya waya mkononi.