Kuku gani anadumu? Safari ya kuku wa kienyeji kutoka Asia hadi Masisi

Kashuga, Masisi – Familia inayokimbia vita haiwezi kubeba shamba wala zizi. Kuku anaingia katika kikapu. Kwa hiyo wakaaji waliohama, wakipata mahali pa kutulia kati ya Mweso, Kashuga na Kalembe, mara nyingi wanaweza kuanza tena na kuku jike mmoja. Asipochaguliwa vizuri, anakufa na feza inapotea. Historia ya kuku inaonyesha kwamba anayetaga sana siye anayedumu sana.

Kuku hakutoka Afrika. Babu yake ni kuku mwekundu wa pori la Asia ya Kusini-Mashariki. Huko Ban Non Wat, Thailand, wataalamu walichimbua mifupa ya kuku wa kufugwa yenye miaka zaidi ya 3,000. Upande wetu wa Afrika, mifupa ya kuku ya Mezber, kaskazini ya Ethiopia, ni ya kabla ya Kristo. Ile ya Unguja Ukuu, Zanzibar, ni ya karne ya 7 na ya 8. Kuku alivuka bahari na wafanyabiashara, kisha akapita mkono kwa mkono hadi milimani. Jina lake likasafiri pia: wanaosema Kinyarwanda wanamwita inkoko, Wanande wanamwita engoko, na sikio linatambua kwamba neno ni moja.

Katika safari hiyo ndefu, waliochagua hawakuwa watu peke yao. Mwewe alichagua, njaa ilichagua, baridi na magonjwa vilichagua. Kuku mwepesi, anayejua kukimbia, kujitafutia mchwa na kulalia mayai yake, ndiye aliyeacha wazao. Kuku wa kienyeji anataga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, kwa sababu wakati mwingi analalia na kulea. Lakini akitunzwa anaweza kuishi miaka 5 na zaidi.

Wazungu walifuata njia nyingine. Leghorn, kuku mweupe mwenye jina la mji wa Livorno, Italia, alichaguliwa kwa mayai. Rhode Island Red alipatikana Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Ana mwili wenye nguvu, anafaa kwa mayai na kwa nyama. Mwaka wa 1978 Ufaransa ikatoa Isa Brown, chotara anayeweza kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka. Mwili wake unachoka mapema: mashamba makubwa humtoa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Tena halalii, na vifaranga vyake havifanani na mama. Mfugaji lazima arudi kununua wengine. Barabara ikifungwa na vita, atanunua wapi? Na bila umeme, mashine ya kuangulia itafanya kazi gani?

India ilijaribu njia ya katikati. Huko walitengeneza Kuroiler, kuku wa kuzungukazunguka uani na kula mabaki ya jikoni. Kuanzia 2010 alijaribiwa Uganda, akawapita wa kienyeji kwa uzito na kwa mayai. Lakini naye si mlalia mayai mzuri. Kuku wa shingo tupu, ambaye nchi za joto zinamsifu, anapoteza joto la mwili upesi. Hiyo ni faida kwenye jua kali, si kwenye baridi ya usiku wa Masisi.

Kuna adui mmoja ambaye hata kuku wa kienyeji hakumshinda: ugonjwa wa Newcastle. Ulijulikana mwaka wa 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, uliompa jina. Ukiingia kijijini unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Chanjo za zamani zilihitaji baridi ya friji njia yote. Ndiyo maana wataalamu wa Australia walitengeneza chanjo ya I-2, inayovumilia joto zaidi. Ni tone moja katika jicho la kuku mzima, na inarudiwa kila miezi 4. Haiponyeshi kuku aliyekwisha kuugua.

Kwa familia isiyojua kama kesho italala hapa, historia hii inaelekeza kwa kuku jike wa kienyeji anayelalia. Mwenye nafasi amtafutie jogoo mkubwa, kama Rhode Island Red, ili vifaranga vipate uzito, na abakize majike wanaokubali kulalia. Asiache jogoo mmoja apande mabinti zake miaka na miaka. Abadilishane na jirani.

Sokoni, macho yawe maangavu, pua iwe kavu, manyoya ya nyuma yawe safi, miguu isiwe na magamba yaliyoinuka. Kuku mpya atengwe wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine. Na kabla ya kuongeza kuku wa pili, veterineri aulizwe kuhusu chanjo. Mayai 300 kwa mwaka hayasaidii kitu ikiwa kuku wote wanakufa kwa wiki moja.