Kibali cha maji: Asiyekitumia huenda akapokonywa

MKULIMA wa Awasi anayevuta maji ya Mto Nyando kwa pampu huenda akadhani kwamba akishapewa kibali, shughuli imekwisha. La hasha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inairuhusu Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kufuta au kubadilisha kibali iwapo mwenyewe amekiuka masharti yake, au ameshindwa kuyatumia maji hayo, yote au sehemu yake, kwa manufaa.

Maji ni ya nani?

Kwa mujibu wa sheria hiyo, maji ya mito, maziwa na ya chini ya ardhi yamo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba kando ya mto hamiliki maji yanayopita mpakani mwake. Anachopewa ni ruhusa ya kuyatumia kwa kiasi, kazi na muda maalumu. Ruhusa hiyo hufungamanishwa na shamba linalotajwa katika kibali.

Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Isitoshe, matumizi ya nyumbani hutangulizwa mbele ya mengine yote.

Katika nyanda za Kano, suala hili si la makaratasi tu. Mradi wa kunyunyizia maji mashamba ya mpunga wa Ahero, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, huvuta maji kutoka Nyando kwa pampu. Mto huo hufurika wakati wa masika, lakini hunywea wakati wa kiangazi. Kiasi kilichotengewa mtu asiyekitumia huhesabiwa kuwa kimekwisha kugawiwa, na jirani mwenye haja huenda akanyimwa.

Kibali hupatikanaje?

Mwombaji huwasilisha ombi akieleza mahali, kiasi cha maji na kazi yake. Mamlaka hupima iwapo maji yanatosha, iwapo watumiaji wengine halali wataathirika, na iwapo matumizi yenyewe yatakuwa ya busara na yenye manufaa kwa umma. Akikubaliwa, kwanza huruhusiwa kujenga mtambo wa kuvuta maji. Ni baada ya kazi kukamilika na kukaguliwa ndipo kibali hutolewa.

Ushahidi ni upi?

Palipo na shaka, maneno matupu hayatoshi. Ushahidi wa kwanza ni mita au kifaa kingine cha kupimia, pamoja na daftari la usomaji wake. Wa pili ni stakabadhi za ada, kwani ada hutozwa kulingana na kiasi kilichotumika. Wa tatu ni shamba lenyewe: mifereji, mazao na rekodi za misimu. Aliyeombea maji ya ekari tano akalima mbili, ajue kwamba kiasi kinachobaki kinaweza kupunguzwa. Na anayeyaacha yamwagike ovyo hawezi kudai kwamba ameyatumia kwa manufaa.

Kanuni kama hii si ngeni duniani. Katika majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani, kama vile Colorado, aliyetangulia kutumia maji hutangulia kupewa, lakini akiyatelekeza kwa muda mrefu hupoteza haki hiyo.

Ukikosana na mamlaka

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki na ofisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo uamuzi unamdhuru. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa mbele ya Jopo la Maji, lililobuniwa na sheria ya 2016.

Hata hivyo, huko pia ataulizwa swali lilelile: ulivuta kiasi gani, lini na kwa kazi gani? Mwenye daftari lililojazwa mwezi baada ya mwezi atakuwa na jibu.