Punguzo la kikundi: hesabu kabla ya kutoa pesa

Punguzo la kikundi ni bei nafuu yenye sharti la idadi: mkifika watu kumi au ishirini mnapata, mkipungua hampati. Kwenye intaneti mtindo huu ulivumishwa na Groupon, kampuni iliyoanza Chicago, Marekani, mwaka 2008 kwa kuuza pitsa mbili kwa bei ya moja. Hapa Kenya, Rupu nayo iliuza kuponi za hoteli na saluni. Hayo ni ya mjini.

Huku Chewele tuna chama na beli ya unga. Beli ina pakiti 12 za kilo mbili. Tuseme pakiti dukani ni Sh160 na beli kwa jumla ni Sh1,740. Umeokoa Sh180. Ukiifuata peke yako kwa boda la Sh400, umepata hasara. Wakijumuika watu kumi, wanaokoa Sh1,800. Wakikodi probox kwa Sh1,000, kila nyumba inabakiwa na Sh80. Ni kidogo, lakini ni ya halali, na mwezi ujao ipo tena.

Kwenye mbolea faida ni kubwa zaidi. Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka 2023 ikawa Sh2,500. Mkulima aliyesajiliwa hupata ujumbe kwenye simu, kisha anaufuata mzigo stoo. Ujumbe ni wa mtu mmoja mmoja, ila gari ni la wote, na hapo ndipo majirani wanapofaana. Hata hivyo bei nafuu haithibitishi ubora: mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango ilipatikana ndani ya mpango huohuo. Kagueni mifuko kabla gari halijaondoka.

Kasoro ya kwanza ni pesa kukwama. Muuzaji mmoja wa taa za sola aliwahi kutuambia tufike watu 20. Tulifika 17, na pesa zetu zikakaa kwake miezi miwili huku akitwambia tungoje wengine. Na kwetu kuna mto. Novemba 2023 mafuriko yalipofunika barabara pale Mororo, aliyekuwa amelipia mzigo Garissa alikuwa na risiti tu.

Kasoro ya pili haisemwi sana. Mwenye duka la kijijini ndiye anayekuandikia kwenye daftari mahindi yakichelewa. Mkichukua pesa taslimu mkazipeleka kwa muuzaji wa jumla, kisha mkamrudia yeye na deni peke yake, atafunga duka, na sijui mtakopa wapi mwezi wa njaa. Mimi naona aulizwe yeye kwanza: tukiagiza beli kumi kwa pamoja na kukulipa leo, utatupa bei gani? Mara nyingi ataweza kushusha, maana mzigo haukai rafuni na hana deni la kufuatilia. Msimkamue pia. Kwenye kuponi za intaneti bei ilikuwa ikikatwa nusu, na kampuni ikachukua kama nusu ya iliyobaki, mwenye hoteli akabaki na robo. Mteja wa namna hiyo hana faida kwake hata akirudi.

Kwa wanaotaka kuanza: andikeni idadi inayotakiwa, siku ya mwisho, na pesa zitarudishwa lini idadi isipofika. Mwekahazina asikae na pesa za wote nyumbani. Kila mtu amlipe muuzaji mwenyewe kwa M-Pesa na ahifadhi ujumbe. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu msiyemjua badala ya la duka, ghairi kwanza, umuulize muuzaji mbele ya wenzako.