Njia ya Puani Kuelekea Tezi ya Pituitari
Tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, imejificha chini ya ubongo, nyuma ya pua. Mwaka 1907, mjini Innsbruck, Austria, daktari mpasuaji Hermann Schloffer aliufikia uvimbe wa tezi hiyo kwa kuipindua pua nzima pembeni. Mwaka 1910 Oskar Hirsch wa Vienna alipita ndani ya tundu la pua, asiache kovu usoni. Harvey Cushing wa Marekani, bingwa wa enzi hiyo, baadaye aliiacha njia ya puani, na wengi wakamfuata. Isingekuwa Norman Dott wa Edinburgh, aliyeishikilia hadi akamfundisha Gérard Guiot wa Paris, pengine ingesahaulika. Jules Hardy wa Montreal akaongeza hadubini miaka ya 1960. Miaka ya 1990, huko Pittsburgh, Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau walitumia endoskopu pekee, mrija mwembamba wenye taa unaomulika hata pembe zisizofikiwa na hadubini.