Mkopo wa Masomo na Wito wa Kuwahudumia Wagonjwa wa Akili

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi na vijana wa maparokia yetu huanza kutafuta vyuo na ada. Wapo wanaotamani kusomea saikolojia, unasihi au ustawi wa jamii ili wawahudumie wagonjwa wa akili. Wito huo ni mwema, na Kanisa linauhitaji. Hata hivyo, katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana wetu anatufundisha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Makala hii inakusudia kuwasaidia waamini katika kuhesabu huko.

Mkopo wenyewe

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo inaoutoa si sadaka wala ruzuku, bali ni deni, na mdhamini, ambaye mara nyingi ni mzazi au ndugu, hutia saini pamoja na mwanafunzi. Mnufaika hupewa miezi 24 baada ya masomo kabla ya kuanza kurejesha. Akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji zilifutwa mwaka 2021. Kwa hiyo deni halivimbi kama zamani, ingawa halifutiki kwa kukaa kimya.

Shahada ipi, kazi ipi

Hapa ndipo wengi hukosea. Shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba. Kazi hiyo hudai shahada ya uzamili, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na ada ya masomo hayo ni mzigo wa pili. Anayesomea uuguzi huingia wodini kwa njia fupi zaidi. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, haiendeshwi na madaktari bingwa peke yao. Anayesomea ustawi wa jamii naye huweza kuajiriwa katika hospitali, halmashauri na mashirika. Kabla ya kuchagua, kijana apitie matangazo ya ajira ya mwaka mzima uliopita na kuona ni kada zipi zilizotajwa, na kwa sifa zipi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kufikirika: deni la shilingi 12,000,000, na mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 katika shirika binafsi. Makato ya mkopo ni shilingi 105,000 kwa mwezi. Mshahara usipopanda, deni litaisha baada ya miaka 9 na nusu hivi. Ukiondoa pia asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii na kodi ya mapato, mkononi hubaki kama shilingi 483,000 za pango, nauli, chakula na wadogo zake waliobaki nyumbani. Mshahara ukiwa 1,200,000, makato ni 180,000, na deni huisha kwa muda usiofika miaka 6.

Ipo kanuni nyepesi ya washauri wa fedha: deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi. Katika mfano wetu, mshahara wa kwanza ni 8,400,000 kwa mwaka, hivyo deni limeupita. Wa pili ni 14,400,000, na deni liko ndani yake. Kuupita mpaka huo si sababu ya kuacha masomo, bali ni sababu ya kupunguza kiasi kinachokopwa.

Mafundisho ya Kanisa

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, anafundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Kwa hiyo si haki kumcheka binti anayechagua kukaa na wagonjwa wa akili kwa sababu benki hulipa zaidi. Lakini waraka huohuo, kama *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, unadai ujira wa haki. Mnasihi aliyeelemewa na deni huhamia kazi nyingine, na mgonjwa hubaki bila mtu. Taasisi zetu zinazoajiri wanasihi zisitumie neno "wito" kuficha mshahara duni.

Naye aliyekopa arejeshe. Fedha anazorudisha ndizo zinazomsomesha mdogo wake wa kesho.

Maswali ya kuketi nayo

1. Kazi tunayoilenga inadai shahada moja au mbili?
2. Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi gani leo, na kwa mshahara gani?
3. Tunakopa gharama zote, au sehemu tu?
4. Mdhamini anaelewa alichotia saini?

La mwisho linatuhusu sote. Jumuiya zetu huchangia harusi kwa mamilioni yanayokwisha kwa usiku mmoja. Mchango wa namna hiyo kwa mwanafunzi mmoja wa jumuiya ungepunguza miaka ya makato yake, na kumwacha huru kubaki na wagonjwa aliowasomea.