Kijani si Majani Tu: Rangi katika Sikukuu za Waayalandi

Wahakiki wengi tukikutana na rangi katika kazi ya fasihi hukimbilia jibu la mkato: nyekundu ni damu, nyeupe ni amani, kijani ni rutuba. Basi, imetosha! Mimi nadai kwamba rangi hupata uzito watu wanapoigombania. Ushahidi wangu ni sikukuu za Waayalandi.

Tuanze na tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick. Leo ni kijani kitupu. Kule Chicago hata mto hutiwa rangi hiyo, desturi iliyoanza mwaka 1962. Kumbe mtakatifu huyu aliwahi kuvishwa samawati! Mfalme George III wa Uingereza alipoanzisha nishani ya Mtakatifu Patrick mwaka 1783, utepe wake ulikuwa wa samawati. Mbona basi haikushika? Naona ni kwa sababu ilishushwa na mtawala. Kijani kilibebwa na wanamapinduzi wa United Irishmen, walioasi mwaka 1798. Tangu hapo, kuvaa kijani hakukuwa pambo tu, kulikuwa kauli.

Sasa twende tarehe 12 Julai, Ayalandi ya Kaskazini. Waprotestanti huandamana na rangi ya chungwa wakikumbuka ushindi wa William wa Orange dhidi ya James II, Mkatoliki, kwenye mto Boyne mwaka 1690. Hebu angalieni: rangi hii imetokana na jina la ukoo wa mfalme. Mchezo wa maneno umegeuka bendera!

Mwaka 1848 Thomas Francis Meagher alizipatanisha rangi hizo: kijani, chungwa, na katikati nyeupe ya amani. Bendera hiyo ilipandishwa Dublin katika maasi ya Pasaka ya 1916. Lakini nyeupe kitambaani haileti amani yenyewe. Mgogoro wa Kaskazini, uliowaka miaka ya 1960 hadi mkataba wa 1998, uliua watu zaidi ya 3,500.

Kwa hiyo, anayesoma shairi la Yeats, "Easter, 1916", akasema kijani kinachotajwa mwishoni ni uoto tu, amewafuta viongozi waliopigwa risasi baada ya maasi hayo. Ndugu zangu wahakiki, tusiulize tu rangi hii ina maana gani. Tuulize: nani aliivaa, dhidi ya nani, na kwa gharama gani?