Mlango wa Utumbo na Watu wa Kivu

Katika milima ya Masisi, huko Burungu jirani na Kitshanga, ambako malisho ya ng'ombe yamepakana na makazi ya watu waliokimbizwa na vita, mtoto anapodondoshewa ulimini matone mawili ya chanjo ya polio hapatikani jeraha wala kilio kirefu, na mama mtu hurejea kwake akidhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa matone hayo yanateremka hadi kwenye utumbo mwembamba, yakazikuta huko seli chache zilizofunika tezi za kinga. Na seli hizo zina historia ambayo, ingawa aghalabu husimuliwa kama mali ya Ulaya na Marekani, imepita pia katika miili ya watu wa Kivu.

Tezi zenyewe zilielezwa mwaka 1677 na Johann Conrad Peyer, tabibu kijana wa Schaffhausen katika nchi ya Uswisi, aliyeyaona mabaka yaliyotuna kidogo katika ukuta wa ndani wa utumbo, akadhani kuwa yanatoa maji ya kuyeyushia chakula. Hakusibu katika dhana hiyo, lakini jina lake limebaki juu ya mabaka hayo mpaka leo. Mwaka 1829 Pierre Louis wa Paris, aliyekuwa na subira ya ajabu ya kuchunguza maiti, alibainisha kwamba wafu wa homa ya matumbo huwa na vidonda katika mabaka ya Peyer hasa. Jambo hilo si la vitabuni tu kwa watu wa pande zetu. Huko Kasese, ng'ambo ya pili ya Ruwenzori, kuanzia mwisho wa Desemba 2007 hadi Julai 2009 walihesabiwa wagonjwa 577 wa homa hiyo, na 249 miongoni mwao walitoboka utumbo. Waliofariki walikuwa 47. Bakteria wa homa hiyo huingia kwa kupitia mabaka, huzaliana humo, na nyama iliyovimba ikioza, utumbo hutoboka mahali pale pale palipokuwa mlango.

Lakini ni nani aliyeufungua mlango huo? Swali hili lilikuwa bado halijajibiwa pale majaribio makubwa ya chanjo ya polio yalipofika bonde la Ruzizi, katika mpaka wa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Baina ya Februari na Aprili 1958, kwa uongozi wa Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya tiba ya Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, na kwa chanjo iliyotengenezwa na Hilary Koprowski wa Philadelphia, watu 215,504 walipuliziwa kinywani maji yenye kirusi hai cha polio kilichodhoofishwa. Taarifa ilitoka mwaka ule ule katika jarida la madaktari wa Uingereza. Wanabonde wale wamo humo kama hesabu, bila majina, nao walikuwa raia wa dola ya kikoloni ambao ombi la mkubwa kwao lilikuwa sawa na amri. Nami naona ni dhuluma kwamba elimu iliyovunwa kwao huelezwa siku zote kwa majina ya waliopuliza, bila ya kuwataja waliofungua vinywa.

Miaka 16 baadaye ndipo mlango ulipoonekana wazi. Dale Bockman na Max Cooper walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1973, kwamba ngozi nyembamba inayofunika tezi hizi humeza vitu kutoka ndani ya utumbo. Na mwaka 1974 Robert Owen na Albert Jones wa San Francisco, kwa hadubini ya elektroni, walizieleza katika utumbo wa binadamu seli za namna ya peke yake, ambazo leo huitwa seli za M. Jirani zake zimejaa vijinywele virefu vilivyosimama wima, na juu yake umetanda ute mzito. Hizi zina vikunjo vifupi tu, na ute wake ni haba. Kwa chini kila moja imebonyea ikafanya mfuko, na mfukoni mwake zimekaa chembe nyeupe za damu zikingoja. Seli ya M ni mfano wa bawabu ambaye kazi yake ni kuwakaribisha wageni ili walio ndani wapate kuwatambua: hukichukua kidudu kizima, hukivusha upande wa pili bila kukimeng'enya, na chembe zilizopo huanza kutayarisha kinga yake. Hatari iko katika ukarimu huo huo, maana kijidudu chenye nguvu hupita kwa njia ile ile kikaangamiza nyumba.

Mwaka 1990 watafiti walikiweka kirusi cha polio juu ya vipande vya utumbo wa binadamu, wakakiona kikishikamana na seli za M na kuvushwa. Kilichofanyika Ruzizi kikapata maelezo yake baada ya miaka 32. Owen naye, mwaka 1986, alikwisha kuonyesha kwamba vijidudu vya kipindupindu navyo huvushwa na seli hizo. Mwezi wa Julai 1994 maradhi hayo yaliwaua maelfu ya wakimbizi katika kambi zilizouzunguka mji wa Goma, na chanjo ya kunywa haikuwafikia. Mwezi wa Mei 2019, katika mji huo huo, watu zaidi ya 800,000 waliandaliwa chanjo hiyo, inayomezwa na kupokewa utumboni.